MAUMIVU SI KIPIMO CHA BIDII

Ni jambo la kufurahisha sana kuona jinsi wafanyakazi wa miji yetu walivyoamka kuitunza miili yao. Siku ya Jumamosi, kabla jua halijapanda, barabara za Dar es Salaam hujaa vikundi vya watu wanaokwenda mbio za pole, zile ambazo wengi huziita jogingi. Wamo wake kwa waume, makarani, madereva, walimu, wauguzi na mafundi. Na kila zinapokaribia sherehe za Mei Mosi, au michezo ya watumishi wa Serikali iitwayo SHIMIWI, viwanja navyo hujaa watu wanaovuta kamba, wanaocheza mpira wa miguu na wa pete, na wanaoshindana katika riadha.

Hatuna ila sifa kwa jambo hilo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, lilishauri kwamba mtu mzima apate kila juma dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya kiasi, au dakika 75 hadi 150 za mazoezi ya nguvu, na juu ya hayo aitie nguvu misuli yake walau siku mbili katika juma. Mtu akaaye kitini tangu asubuhi hata jioni hawezi kuyapata hayo bila kukusudia.

Lakini liko jambo linaloiharibu kazi hii njema, nalo ndilo tutakalo kulizungumza leo. Mtu aliyekaa miaka mitano bila kukimbia hujiunga na kikundi, na siku ile ile ya kwanza akaenda kilomita 10 pamoja na wenzake waliozoea. Siku hiyo haoni vibaya, hata hujisifu. Kesho yake akiamka, mapaja yamekuwa mazito kama magogo, na kushuka ngazi ni mtihani. Hapo watu hugawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza husema mazoezi yatawaua, nao hawaonekani tena uwanjani. Kundi la pili husema maumivu ndiyo dalili ya bidii, nao hurudi wakichechemea, wakaongeza uzito pale pale panapouma.

Sisi twaona kwamba makundi yote mawili yamekosea. Nasi twasema hivyo si kwa kupenda kulaumu, bali kwa sababu mwili wa mfanyakazi ndio jembe lake. Jembe hilo likivunjika kwa michezo ya Jumapili, Jumatatu hapana mwingine atakayewaletea watoto ugali.

MAUMIVU HAYO NI NINI?

Yafaa kwanza tumjue adui, kama kweli ni adui. Maumivu ya misuli yafuatayo mazoezi mageni hayaji papo hapo. Huanza baada ya saa 12 hadi 24, huwa makali kabisa kati ya siku ya kwanza na ya tatu, kisha hupungua, na kwa kawaida katika muda wa siku tano hadi saba huwa yamekwisha. Mtaalamu mmoja wa Marekani, Theodore Hough, aliyaandika habari zake tangu mwaka 1902, akaeleza kwamba yatokana na kuchanika kudogo ndani ya msuli wenyewe. Utafiti uliofuata umeonyesha kwamba hakuwa mbali na ukweli. Nyuzi nyembamba za msuli usiozoea kazi hupata majeraha madogo yasiyoonekana kwa macho. Mwili huanza mara moja kuyatengeneza. Na katika kutengeneza huko msuli huvimba kidogo, na ukiguswa huuma upesi.

Wako wasemao kwamba maumivu haya huletwa na asidi iliyobaki katika misuli, na kwamba dawa yake ni kukimbia tena kwa nguvu ili itoke. Maneno hayo hayana msingi. Asidi hiyo, ambayo wataalamu huiita asidi ya lakti, huongezeka wakati mtu anapofanya kazi ya kumtoa pumzi, lakini baada ya kupumzika kiasi cha saa moja hivi huwa imerudi katika hali yake ya kawaida. Maumivu yaanzayo kesho yake hayawezi kuwa ni yake.

Atakaye ushahidi wa jambo jingine na awaulize wapandao Mlima Kilimanjaro. Kilele cha Uhuru kina urefu wa mita 5,895. Wengi hutumia siku kadhaa kukifikia, kisha hushuka kwa njia ya Mweka, zaidi ya mita 4,000 za mteremko, kwa siku mbili tu au hata chini ya hapo. Kupanda huwatoa pumzi na jasho, lakini kinachowafanya washindwe kukaa na kuinuka wakifika Moshi ni kule kushuka. Sababu yake ni hii: mtu akipanda, msuli wa paja hujikunja ukasukuma; akishuka, msuli ule ule huvutwa ukanyooka huku umebeba uzito wote wa mwili, mfano wa breki ya gari lililopakia mzigo. Kazi ya namna hiyo ndiyo hasa inayochana nyuzi. Ndivyo ilivyo pia kwa mtu anayeshusha chini mfuko wa saruji polepole, na kwa mvuta kamba anayekokotwa na upande wa pili huku akikaza miguu asiende.

Basi hapa ndipo ilipo habari njema. Msuli hujifunza. Mtu akiisha kupata maumivu hayo mara moja, akayafanya mazoezi yale yale tena baada ya siku chache au majuma machache, maumivu ya mara ya pili huwa madogo mno kuliko ya kwanza, na kinga hiyo hudumu kwa majuma kadhaa. Ndiyo sababu mpagazi wa Kilimanjaro ashukaye mlima mara kwa mara hafanani na mgeni aliyeshuka mara moja. Mtu akimbiaye mazoezi baada ya siku ya kwanza amelipa gharama yote akaiacha bidhaa dukani. Naye arudiye baada ya muda mrefu sana hulipa upya.

NGUVU HUPUNGUA

Liko jambo moja ambalo wengi hawalijui, nalo lahusu usalama wa kazini. Misuli inapokuwa katika hali hiyo, haiumi tu, bali nguvu zake hupungua kwa siku kadhaa. Zaidi ya hayo, hata ile fahamu ya kujua mguu au mkono uko wapi bila kuutazama hupungua kidogo. Mtu hudhani ameinua mguu wa kutosha, kumbe hakuinua.

Kwa karani hilo si neno kubwa. Lakini je, kwa mwashi anayesimama juu ya jukwaa la miti ghorofa ya tatu? Kwa mchukuzi anayepita juu ya ubao na gunia begani? Kwa dereva wa basi ambaye mguu wake ndio unaokanyaga breki? Hao hawafai kujaribu zoezi geni siku ya Jumapili ikiwa Jumatatu wana kazi ya hatari. Na wayajaribu mageni siku ile ambayo kesho yake na keshokutwa wana nafasi. Wakumbuke vilevile kwamba kazi ya kubeba na kuchimba ni mazoezi tayari. Mtu aliyeshusha shehena ya lori kutwa nzima, kisha jioni akaenda jimu kunyanyua vyuma kwa mgongo ule ule, anaufanyisha mwili zamu mbili kwa chakula cha zamu moja.

MAUMIVU YA NAMNA MBILI

Kazi ya kwanza ya kila afanyaye mazoezi, basi, ni kujua kutofautisha maumivu na maumivu.

Maumivu ya kawaida huenea katika nyama yote ya msuli, aghalabu pande zote mbili za mwili, paja la kulia na la kushoto pamoja. Huja polepole. Mtu akitembea kidogo mwili ukapata moto, hupungua. Kila siku baada ya siku ya tatu huwa nafuu kuliko jana.

Maumivu ya jeraha yana tabia nyingine. Huja ghafula, katikati ya mchezo, pengine pamoja na mlio au hisia ya kukatika. Hukaa mahali pamoja ambapo mtu aweza kupaonyesha kwa kidole. Aghalabu huwa upande mmoja, na mara nyingi katika goti, kifundo, nyonga au kano ya kisigino, wala si katikati ya nyama. Mahali hapo huvimba au huvilia damu. Mtu akiendelea, huzidi. Tena hayajui siku saba. Jumaa la pili huyakuta yaleyale. Aliye na dalili hizo na aache mchezo, apumzishe kiungo, na akamwone mganga wa hospitali. Asiyeweza kuukanyagia mguu wake aende siku ile ile.

Tena ziko dalili ambazo hazingoji kesho. Mtu aliyejilazimisha kupita kiasi, hasa penye joto kali, akiona misuli imevimba sana na kukaza, akaishiwa nguvu kabisa, na mkojo wake umekuwa na rangi ya chai ya rangi, apelekwe hospitali mara moja. Mwaka 1941, wakati wa vita, wataalamu wawili wa London, Bywaters na Beall, waliandika habari za watu waliofukiwa na kifusi cha nyumba zilizopigwa mabomu. Watu hao walitolewa wangali hai, lakini misuli yao iliyopondwa ilimwaga vitu vyake katika damu, na figo zao zikashindwa kazi. Jambo la namna hiyo, ingawa ni nadra, laweza kumpata hata mtu ambaye hakuangukiwa na ukuta, bali aliamrishwa kuchuchumaa na kuinuka mamia ya mara siku yake ya kwanza uwanjani.

Katika nchi zetu hapana budi kuongeza neno juu ya selimundu. Wako wengi waliorithi chembe ya ugonjwa huo kwa mzazi mmoja tu. Hao hawaugui, na pengine hawajui kama wanayo. Uchunguzi wa askari weusi wa jeshi la Marekani, uliotangazwa mwaka 2016, ulionyesha kwamba wenye chembe hiyo walikuwa na hatari zaidi ya kuvunjika misuli kwa kazi nzito, kwa asilimia 54, ingawa hawakufa zaidi ya wenzao. Basi hatusemi kwamba wasicheze. Twasema waanze polepole, wanywe maji, na waruhusiwe kupumzika wanapoomba, bila kuitwa wavivu.

Na jambo la mwisho katika fungu hili ni homa. Maumivu ya mazoezi hayaleti homa. Mtu aliyekimbia Jumamosi, na Jumatatu mwili wote unamuuma pamoja na homa, kichwa na kutapika, asiseme ni mazoezi tu. Malaria ingali ipo, na homa ya dengi, ambayo huumiza maungo vibaya, iliwapata watu wengi wa Dar es Salaam mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Na akapimwe damu. Kadhalika, asiye na homa asimeze dawa ya malaria kwa sababu tu mapaja yanamuuma.

LA KUFANYA

Wasomaji watauliza: basi mtu akiumwa na misuli afanye nini? Jibu letu ni kwamba asilale kitandani, wala asishindane nayo.

Siku ya kwanza na ya pili na atembee mwendo wa kiasi, au aendeshe baiskeli pole, au aogelee. Kujongea huko hupunguza maumivu kwa muda, wala hakuzuii kupona. Ikiwa miguu ndiyo iumayo, aweza kuifanyisha kazi mikono. Siku ya tatu ajaribu zoezi lake kwa nusu ya kiasi cha mara ya kwanza. Maumivu yakipungua baada ya dakika kumi za kupasha mwili moto, aendelee kwa upole. Yakizidi, aende nyumbani, wala asione haya.

Wengi huamini kwamba kunyoosha viungo ndiyo kinga ya maumivu. Mwaka 2011 mtaalamu Rob Herbert wa Australia na wenzake walizikusanya tafiti 12 juu ya jambo hili, wakaona kwamba kunyoosha viungo, kabla ya mazoezi au baada yake, hupunguza maumivu kwa kiasi kidogo mno ambacho mtu hawezi kukitambua. Anayependa kunyoosha na anyooshe, lakini asidhani kwamba amenunua kinga. Kukandwa kwa mikono husaidia kiasi, na maji ya baridi huwapa wengine nafuu.

Juu ya dawa za kutuliza maumivu, kama diklofenaki na ibuprofeni, twataka kusema wazi. Wako wanaozimeza asubuhi ili wapate kukimbia bila kusikia maumivu. Kufanya hivyo ni kuizima kengele huku moto ungali unawaka. Tena dawa hizo zaweza kuumiza tumbo, na kwa mtu aliyepoteza maji mengi kwa jasho zaweza kuzidhuru figo. Mwenye haja nazo na aulize kwanza kwa mfamasia au mganga.

Dawa zilizo bora ni zile zisizo na tangazo: usingizi wa kutosha na chakula. Wahenga walisema mwili haujengwi kwa matofali. Maharage, dagaa, mayai na maziwa ndiyo yanayotengeneza nyuzi zilizochanika, na kazi hiyo huendelea mtu alalapo.

Lakini bora kuliko dawa zote ni kuanza vema. Mtu mgeni na aanze kwa dakika 20, akitembea na kukimbia kwa kupokezana, siku tatu katika juma, kila moja ikifuatwa na siku ya mapumziko. Aongeze jambo moja tu kwa wakati mmoja: ama muda, ama mwendo, ama mlima, wala si yote pamoja. Aimalize siku ya kwanza akiwa bado na hamu. Mbio za sakafuni huishia ukingoni.

NENO KWA VIONGOZI WA MICHEZO

Hatuwezi kumaliza bila kuwakumbusha viongozi wa timu za makazini. Ni desturi mbaya kukumbuka michezo majuma mawili kabla ya mashindano, kisha kuwafanyisha watu kila jioni kazi ya miezi mitatu. Matokeo yake ni timu inayofika uwanjani nusu yake imefungwa bendeji. Timu itakayo kuvuta kamba mwezi wa tano na ianze kujitayarisha mwezi wa pili. Na kiongozi asiwapange pamoja kijana wa miaka 22 na mzee wa miaka 55, akawapa hesabu moja ya pushapu, na aliyeshindwa akachekwa mbele ya wenziwe. Mchezaji anayeogopa kuchekwa huficha jeraha, na jeraha lililofichwa hukua.

Tunajua watakalotujibu wengine. Watasema: Je, John Stephen Akhwari naye? Ni kweli kwamba tarehe 20 Oktoba 1968, katika mbio za marathoni za Olimpiki huko Mexico City, Mtanzania huyo alianguka njiani akaumia goti, lakini hakukubali kuacha. Aliingia uwanjani akichechemea, mguu umefungwa, zaidi ya saa moja baada ya mshindi Mamo Wolde wa Ethiopia, akamaliza. Taifa lamheshimu kwa hilo, nasi twamheshimu.

Lakini somo lake limesomwa nusu. Akhwari hakuwa akifanya mazoezi siku ile. Alikuwa amebeba bendera ya nchi katika siku isiyorudi. Miguu iliyompeleka Mexico haikujengwa kwa kuchechemea kila jioni, bali kwa mazoezi ya miaka. Na baada ya kuumia kule alipona, akarudi mbioni. Mwaka 1970, katika michezo ya Jumuiya ya Madola huko Edinburgh, alikimbia marathoni akawa mtu wa tano. Wanaomtaja ili kumlazimisha mwenye goti bovu akimbie mazoezi ya Jumanne wangefaa kuikumbuka na Edinburgh pia. Ushujaa wa siku moja si kanuni ya kila siku.

Kwa hiyo, ndugu wafanyakazi, twawasihi msiviache viwanja kwa sababu ya kuumwa mapaja, wala msijivunie kuumwa. Aliyeanza juma hili na arudi juma lijalo. Atakuta kwamba maumivu yamepungua. Aliye na dalili za jeraha aseme mapema, na kiongozi wake ampokee kwa wema. Na ninyi viongozi wa michezo, itoeni ratiba ya mazoezi sasa, ibandikeni ukutani ili kila mtu aione, na siku za mapumziko ziandikwe ndani yake kwa wino ule ule ulioandikia siku za mazoezi.